Zamu ya Kufuli

Watu wa Bondeni walikuwa na kawaida moja ambayo serikali iliijua, ikaikasirikia, na mwishowe ikaizoea. Kila mto ulipofura na amri ya kuhama ikatoka, walihama bila ubishi, mama na watoto, mbuzi na magodoro, mpaka kwenye shule iliyojengwa mwinukoni. Walihama wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja walimwachia jiko, birika na redio ndogo, wakamwita Kufuli.

Kanuni ya mto ilisema wazi: malango ya maji hayafunguliwi kuelekea bondeni ikiwa mle ndani kuna mtu hata mmoja, na mtu huyo hatolewi kwa nguvu. Anabembelezwa mpaka atoke mwenyewe. Mhandisi wa zamu aende kwa miguu yake, aone kwa macho yake, kisha atamke kwenye redio ya upepo kwamba bonde ni tupu. Bila tamko hilo malango hayaguswi. Sasa, watu wakiambiwa mashamba yao yageuzwe bwawa ili mji usilowe, na viwanja vipya walivyoahidiwa vikawa bado vinaahidiwa, ulitaka wafanye nini? Walijitazama, wakaona hawana wakili wala mbunge wa kutegemewa. Walichokuwa nacho ni kanuni, basi wakaikalia.

Na kwa miaka mingi mto wenyewe uliwabeba. Ulifura, ukatisha watu, ukapanda mpaka karibu na ukingo wa tuta la mjini, halafu ukashuka. Kufuli wa msimu huo akarudi kwa wenzake akipigiwa vigelegele, na wakubwa wa mjini wakatokea redioni wakijisifu, utadhani wao ndio walioushusha.

Safari hii haukushuka.

Mhandisi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Injinia, hata mumewe siku wakigombana. Alikuwa amekaa kwenye gari la ofisi, viatu vimejaa tope, akichungulia maji kupitia kioo kilichopasuka pembeni. Uchovu wake haukuwa wa kukosa usingizi tu. Ulikuwa ule uchovu wa mtu anayesikilizwa baada ya mambo kuharibika. Kila mwaka aliandika kwamba tuta la mjini linahitaji kuchimbuliwa na kujengwa upya nyuma ya hospitali, na kila mwaka walilipaka chokaa kwa ajili ya ziara ya Waziri.

Simu ililia tena. Alikuwa Mkurugenzi wake.

"Bado?"

"Bado. Ndiyo naelekea bondeni."

"Waziri yuko kwenye laini nyingine, roho juu. Sikiliza, nikwambie kitu kama ndugu. Wewe tamka tu kwamba ni tupu. Nani ataenda kuhakikisha?"

"Maji yataenda."

Mkurugenzi akasema mtandao ni mbovu, akakata.

Dereva alikuwa kijana wa mdomo mwepesi. Ofisini ilikuwa inajulikana kwamba ukitaka habari isambae kabla ya chai, mnong'oneze dereva usisitize kuwa ni siri. Leo alikuwa kimya tangu watoke, na hilo peke yake lilimtia Injinia wasiwasi.

"Haya, sema. Kufuli wa mwaka huu ni nani?"

"Bosi, ungekula kitu kwanza."

"Nani?"

"Mzee Malango."

Injinia alifunga macho. Laiti ingekuwa mtu mwingine yeyote! Mzee Malango ndiye aliyekuwa mkuu wa malango ya maji kabla yake. Ndiye aliyempokea alipotoka chuoni anajiona anajua kila kitu, akamfundisha kutambua lango linalotaka kukwama kwa mlio wake tu. Na ile kanuni ilikuwa ya kwake. Zamani malango yalifunguliwa bila kuuliza, na watu walisombwa wakiwa vitandani. Mzee Malango akaandika kanuni, akagombana na wakurugenzi kadhaa, akanyimwa vyeo, akaendelea kugombana mpaka ikapitishwa. Alipostaafu alikwenda kujenga bondeni, kwao mkewe. Ofisi nzima ilimcheka: mtu anayejua maji yatapita wapi, anakwenda kuweka kitanda palepale! Yeye aliwajibu kwamba mkewe amemfuata miaka yote kwenye nyumba za serikali zinazovuja, na sasa ni zamu yake kumfuata mkewe.

Kijiji kilikuwa mahame. Watu wa bondeni wakihama huondoka na milango yao, kwa sababu mlango ni ghali na maji hayarudishi, kwa hiyo nyumba zote zilikuwa wazi. Nyumba moja tu ilikuwa na mlango wake. Mzee Malango alikuwa ameketi kizingitini, suruali ameikunja mpaka magotini, birika likichemka pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekonda. Mumeo hakulishi?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Umekuja kunibembeleza. Sema sawasawa, kanuni haisemi kuchukua."

"Najua inasema nini. Ulinikaririsha mwenyewe, mpaka mahali pa kuvuta pumzi."

Mzee alicheka, akamsogezea kibao akae. Dereva alibaki garini kwa heshima, ila kioo cha dirisha alikishusha mpaka mwisho.

Injinia alianza maneno yake aliyoyapanga njiani, kuhusu mji, kuhusu hospitali, kuhusu mvua iliyokuwa bado inanyesha kwenye milima inakoanzia mito. Mzee alimwacha aseme. Alimmiminia chai. Kisha akasema taratibu, bila ukali wowote.

"Mimi maji hayanitishi, binti. Unajua wamekuwa wakiniitaje hapa? Mtu wa Serikali. Nikiingia kikaoni maneno yanakatika. Shemeji yangu, huyu mwenyekiti wa kijiji, kaka wa mke wangu, kila nikienda kwake ananiletea kiti kizuri kuliko vyote. Cha mgeni. Miaka yote hiyo nakalia kiti cha mgeni kwa wakwe zangu. Na mke wangu wanamsema pembeni, eti amewaletea jasusi."

"Na mwaka huu wakakupa zamu."

"Wakanipa zamu. Shemeji alikuja mwenyewe kuniambia. Mke wangu alilia kwa furaha, akaniwekea sukari ya kutosha mwezi mzima." Alitazama birika. "Sasa nikitoka hapa kwa miguu yangu, na mimi ndiye Kufuli, pale shuleni nitakaa wapi? Nani atamjibu mke wangu salamu? Hayo tu ndiyo ninayoyaogopa."

 Injinia alikuwa amekuja amejiandaa kwa ubishi, akakuta hakuna wa kubishana naye. Aliona mzee huyu amekuwa akisubiri kitu kidogo kuliko vitu vyote alivyowahi kuvidai serikalini, na yeye ndiye ametumwa kumnyang'anya. Alitamani kulia, lakini alijikaza kisabuni, akanywa chai ya watu.

Kisha Mzee Malango akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ile ya kazini.

"Nyuma ya hospitali. Chini ya tuta, upande wa ndani. Maji yanapenya?"

"Yanapenya."

"Safi, au ya udongo?"

Hapo Injinia alichelewa kujibu. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye mto ule alijua maana ya swali. Maji safi yakichuruzika chini ya tuta, hiyo ni kawaida, tuta linatoka jasho. Yakitoka na udongo, basi tuta linaliwa kwa ndani, na nje utaliona limesimama vizuri mpaka dakika linapoanguka.

"Ya udongo," alisema.

"Mmepazungushia magunia ya mchanga?"

"Tumezungusha. Maji yanachimbuka pembeni yake."

"Wagonjwa?"

"Wanaoweza kutembea wameondoka. Wodi ya wazazi bado."

 Mzee aliinua birika akaimwaga chai yote uani, akazima jiko, akajifuta mikono kwenye suruali. Alisimama kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Injinia alidhani anakwenda kuvaa viatu. Kumbe alikwenda kwenye mlango na kuanza kuvuta pini za bawaba.

"Usinitolee macho. Shika huku chini, mzito huu."

Basi wahandisi wawili, mmoja mstaafu na mwingine anayetamani kustaafu, waling'oa mlango wa nyumba na kuubeba mpaka garini, wakilaumiana nani hashiki sawasawa. Dereva aliufunga juu kwa mpira wa tairi. Hakuna aliyeguswa wala kusukumwa.

Walipofika juu ya mwinuko, Injinia aliteremka akageuka nyuma, akalitazama bonde lote kama kanuni ilivyotaka, kisha akainua redio.

"Bonde tupu."

Redio ilikoroma, ikajibu kwamba imesikia. Mzee Malango alikuwa ndani ya gari, ameshika magoti yake. Baada ya muda wakasikia malango yakifunguka kule juu, na mzee akainamisha kichwa kusikiliza. Hakuna lililokwama.

Uani pa shule watu walikuwa wamejipanga kwenye ukuta, wanatazama. Maji yalikuja bila haraka, ya rangi ya chai ya maziwa, yakaingia kwenye mihogo, yakaingia kwenye njia, yakaingia majumbani kupitia mahali palipokuwa na milango. Hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa miaka mingi mno tangu waone jambo hilo, na vijana hawakuwahi kuliona kabisa. Kisha gari la ofisi likaingia na wote wakageuka, wakamwona Mzee Malango akiteremka kwa miguu yake mwenyewe.

Mwenyekiti alitoka mbele. Alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba, na sasa hata hiyo nyembamba ilikuwa haitoki.

"Shemeji," alisema. "Umetoka?"

Mzee alifungua mdomo. Mkewe alikuwa bombani na ndoo, na Injinia aliwaona wanawake waliokuwa karibu naye wakiokota ndoo zao moja moja na kusogea, si kwa fujo, taratibu tu, mpaka akabaki peke yake na bomba linatiririka. Hakuinua macho. Alisubiri ndoo ijae kama mtu ambaye hakuna tena anachosubiri.

"Hakutoka," Injinia alisema. "Nimemtoa."

"Umemtoaje?"

"Kwa nguvu. Alikataa, nikamfunga kamba mikono, nikamtia garini."

Alisikia maneno yakimtoka na akajua palepale yanamgharimu kazi. Kumtoa mtu kwa nguvu ilikuwa kosa la kufukuzwa, na kushtakiwa juu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa imemchosha, na wazo la kufukuzwa halikumtisha alivyotarajia.

"Peke yako?" mwenyekiti aliuliza. "Mwanamke na mwanamume mzima?"

Macho yote yalimwendea dereva, yule asiyejua kutunza siri hata ya dakika mbili. Dereva alijishika mgongo.

"Nilisaidia," alisema. "Mzee ana nguvu, msimwone hivi. Mgongo unaniuma mpaka sasa."

Ndipo kelele zikapasuka. Injinia alitukanwa yeye, akatukanwa mama yake, kikatukanwa hata chuo alichosoma. Mwanamke mmoja alimtupia tope likampata shingoni. Alisimama akalipokea. Na katikati ya zile kelele alimwona mwenyekiti akimshika shemeji yake mkono, akimpeleka darasani, watu wakisukuma madawati kumpa nafasi, mtu anakuja na mkeka, mwingine na kikombe. Mzee aligeuka mlangoni akamtazama. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha kipimo kilichokosewa bila kukisahihisha mbele ya watu. Alianza kusema kitu. Mkewe alifika akamshika kiwiko, na mzee akaufunga mdomo wake.

Mji ulipona. Maji yaliposhuka Injinia alitia vitu vyake kwenye boksi, kikombe, kandambili za ofisini na picha ya watoto, akasubiri barua. Haikuja. Aliitwa kwa Waziri.

Ofisi ya Waziri ilikuwa na zulia zito na baridi ya kiyoyozi, na ukutani picha ya tuta la mjini lilipokuwa limetoka kupakwa chokaa. Waziri alimshika mkono wake kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu? Mwanamama mwembamba hivi! Miaka yote mnaniambia haiwezekani, haiwezekani, watu wa kule wagumu. Kumbe ni kamba tu!"

Mkurugenzi alicheka kwa bidii kuliko kichekesho chenyewe.

"Mheshimiwa," Injinia alisema, "kanuni ile iliwekwa kwa sababu."

"Tunazijua sababu. Lakini mama, umeokoa mji. Mimi nikushtaki kwa kuokoa mji? Watu watanionaje?" Alikaa. "Tunalifuta lile neno la kutotumia nguvu. Tunaunda kikosi. Vijana wenye afya, wanaingia siku ya amri, wanatoa mtu, wanaondoka. Na wewe utawafundisha, maana ndiye pekee uliyewahi kufanya."

Chini ya meza Mkurugenzi alimkanyaga mguu ili aseme asante. Injinia alisema asante, kwa kuwa mguu ulimuuma na alitaka kutoka.

Alikwenda bondeni siku hiyohiyo. Watu walikuwa wanakwangua tope kwenye kuta kwa majembe, na walipomwona walimsonya kila mmoja kwa zamu yake, lakini walimwonyesha njia. Mzee Malango alikuwa uani kwa mwenyekiti na wanaume wengine, amekalia ndoo iliyopinduliwa kama wao wote. Kiti kizuri hakikuonekana. Alimwambia shemeji yake ampe nafasi azungumze na adui.

Wakasimama nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta uliolowa. Injinia alimweleza yote: kikosi, neno linalofutwa, mafunzo.

"Nikisema ukweli itabaki," alisema. "Nikiwaambia kwamba ulitoka mwenyewe, kwa kuambiwa tu hali ilivyo, kwamba kanuni ilifanya kazi kama ulivyoiandika, hawana hoja. Waziri ataona aibu kidogo, basi. Lakini ukweli huo utafika hapa kabla sijafika nyumbani kwangu."

 Upande wa pili wa ukuta wanawake walikuwa wanafua matandiko, na mmoja wao alikuwa anacheka, kicheko kirefu cha mtu anayesimulia huku anacheka. Injinia alihitaji muda kutambua kwamba ni mke wa mzee. Kwa miaka yote aliyomjua hakuwahi kumsikia akicheka.

"Nilidhani ile kanuni ndiyo kitu pekee nitakachoacha," mzee alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza. Ni yako. Sema, nami nitafanya utakalosema."

"Shemeji!" mwenyekiti aliita kutoka uani. "Huyo mwanamke akikugusa tena piga kelele, tuko hapa!" Wanaume wakaangua kicheko, na mzee naye akatabasamu bila kupenda.

"Wananisimulisha kila siku," alimwambia Injinia kwa sauti ya chini. "Wakija wageni nawasimulia. Nimesimulia mpaka sasa nakuona kabisa unavyonikaba, unasema nyamaza mzee. Juzi nilijikuta nakukasirikia kwelikweli." Alisugua kifundo cha mkono wake, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifunga. "Nimewatetea watu wa mto huu tangu ujana, na hakuna aliyewahi kunitandikia mkeka. Hawa wamenitandikia. Nimechoka, binti."

"Na atakayepewa zamu ya Kufuli msimu ujao? Atakapokuja kuvamiwa na hao vijana?"

Mzee Malango alitazama alama ya maji ukutani, pale mafuriko yalipoishia, juu kidogo ya vichwa vyao. Aliikodolea macho mpaka Injinia akadhani amejibiwa, akageuka kuondoka.

"Unawafundisha lini?"

"Keshokutwa."

"Waambie mikono waifunge kwa mbele," mzee alisema. "Ikifungwa nyuma, mtu mzima anaumia mabega."